Patroni wa Hewani

Jumatatu, 2 Agosti 1976

Baridi imeanza kuondoka Lubumbashi, vumbi limechukua nafasi yake. Nimefagia depo asubuhi. Mchana vumbi likarudi, limekuja na ndugu zake.

Lakini si hilo. Leo kuna msiba! Niuandike kwa utaratibu, ili watakaosoma shajara hii baada yangu wajue ni akili ya namna gani iliyopambana nao.

Mimi Ngosa ni karani wa foni katika depo ya Bwana Kasimu, muuza unga, nyanya na maziwa matamu ya mkebe. Foni ni redio ya kusema na kusikia. Unabonyeza kitufe cha mikro, unasema. Unaachia, unamsikia mwenzako aliye mbali. Kazi yake ni kutangaza kamyo za mizigo zinazoondoka na zinazofika. Lakini jioni, ujumbe wa kazi ukiisha na Bwana Kasimu akienda kuswali, hewa inakuwa yetu. Tuko wanne. Mutale wa Kambove, anayetunza ghala la dawa. Sauti yake kama ya mtu anayecheka huku anakimbia. Mama Mawazo wa Kamina, mjane, muuza vitenge, anayetuita sote wanawe. Kapya wa Kasenga, depo ya samaki. Mwongo.

Hatujawahi kuonana kwa macho. Tunapeana habari tu: nani aliumwa, mtoto wa nani ameota jino, leo umekula nini.

Hilo swali la mwisho ndilo lililoniponza. Mwaka juzi Kapya alisema amekula samaki mrefu kama mtumbwi. Mimi nilikuwa nimekula bukari, ugali wetu, na dagaa wakavu, wachache, wenye huzuni. Nikasema nimekula kuku. Je, hilo ni kosa? Hapana! Lakini kuku alihitaji mpishi. Mpishi akahitaji jiko. Jiko likahitaji nyumba, nikaijenga Hewa Bora, mtaa wa matajiri. Nyumba ya Hewa Bora bila motokari mbele ni aibu, nikaweka Peugeot. Kabla mvua hazijakatika, watu wote wa foni walikuwa wananiita Patroni, yaani bosi mwenye mali.

Jioni hii Mutale akasema gari la kazini kwake linakuja Lubumbashi Jumamosi, na yeye yumo. Kapya akasema basi naye atapanda kamyo ya samaki. Mama Mawazo akasema anachukua treni kesho, ana dada yake huku. Halafu wote kwa furaha: tutakula kwa Patroni!

Nikasema karibuni sana. Nikaweka mikro mezani. Nikajitukana kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kibemba.

Chumba changu kiko nyuma ya magunia ya unga. Mgeni akikaa, mimi natoka.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata mpango. Nimezungukazunguka depo nikiueleza kwa sauti, ili nione kama una tundu. Hauna.

Nimetangaza hewani kwamba daraja la barabara ya Likasi limeanguka. Lote! Nikaongeza ng'ombe aliyekuwa juu yake, ili watu wahuzunike kidogo. Bila daraja, Mutale haji. Bila Mutale, Kapya hana wa kumtambia samaki zake, haji. Mama Mawazo atakula kwa dada yake.

Nimelala vizuri mno.

Jumatano, 4 Agosti

Kamyo ya Bwana Kasimu imekwama Likasi, imejaa nyanya. Dereva amesikia habari za daraja. Sasa amekaa kwenye baa, anaombea roho ya ng'ombe.

Bwana Kasimu ameingia depo akipiga kelele. Nani amesema daraja limeanguka? Nikamjibu ni sauti tu, hewani. Sauti ya nani? Ya mtu anayeonekana kuwa na elimu, nikasema. Akaniambia nyanya zikioza nitazila mimi, zote, bila chumvi.

Ikabidi nijenge daraja kabla ya chakula cha mchana. Nikashika mikro, nikatangaza kwamba limesimama tena, tena imara kuliko mwanzo. Kapya, mtu wa wivu, akauliza imewezekanaje kwa muda mfupi hivyo.

Nikamjibu neno moja: salongo.

Salongo ni ile kazi ya bure tunayolifanyia taifa kila Jumamosi, majembe mkononi na nyimbo za chama mdomoni. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwenye redio kwamba kuna jambo limeishinda salongo. Kapya akakohoa. Akasema ni kweli, salongo ni nguvu.

Mutale akauliza, na ng'ombe je? Nikasema amepona. Naye alishiriki salongo.

Akasema vizuri, basi Jumamosi anakuja. Lo!

Alhamisi, 5 Agosti

Mungu yupo, na anasikiliza foni!

Bwana Kasimu na mke wake, Mama Asha, wanakwenda kwenye ndoa Kipushi Jumamosi. Watalala huko. Mlinzi wao anaumwa tumbo. Bwana Kasimu ameniita, amesema nikalinde nyumba yao. Nyumba iko Hewa Bora. Ina baraza, ina viti vya kitambaa, ina Peugeot mbele. Kusema kweli ndiyo nyumba ninayoieleza hewani siku zote. Niliiona nilipopeleka gunia la unga, ikanikaa.

Nikamjibu kwa unyonge kwamba nitajitahidi. Nilipofika nyuma ya magunia nikacheza, mpaka unga ukanimwagikia.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimekwenda kupokea maagizo ya Mama Asha. Ni mwanamke wa maneno machache. Nisikalie viti vya kitambaa. Nisifungue kabati. Nisipike kitu chenye harufu. Nimekubali yote. Nimeyashika kwa mpangilio wake, ili nijue nianze na lipi.

Shida ni motokari. Peugeot wanaondoka nayo. Lakini pembeni ya ua kuna gari la marehemu baba yake Bwana Kasimu. Halina injini, linakaa juu ya matofali, na kuku wanatagia kwenye viti. Nimeosha upande unaoonekana kutoka barazani. Matofali nimeyafunika kwa vyungu vya maua. Mama Asha amenisifu kwa bidii. Amesema kumbe ninaweza kufanya kazi bila kutukanwa.

Jioni Mutale aliuliza atanitambuaje. Nikasema ataona mtu mrefu ndani ya abakosti nyeusi, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Ulimi huu! Nikisimama kando ya gunia la unga, wateja husalimia gunia kwanza.

Jumamosi, 7 Agosti

Usiku umekwenda sana. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi nilikwenda salongo. Nikafyeka kidogo, nikakohoa sana, wakaniruhusu. Bwana Kasimu na Mama Asha wakaondoka. Nikafungua kabati. Abakosti ya Bwana Kasimu ilikuwepo, nyeusi, ya kiwaziri. Lakini Bwana Kasimu ni mtu mpana. Mikono ilimeza vidole vyangu, nikaikunja. Suruali nikaifunga kwa kamba ya gunia. Nikajitazama kwenye kioo. Heshima ilikuwepo, mtu ndiye alikuwa mgumu kumwona.

Jikoni hakukuwa na chombo cha kuwatosha wageni, ila sufuria moja mpya, kubwa, inang'aa, iliyofungwa utepe mwekundu. Nikatoa utepe, nikaweka maji motoni.

Mutale alifika wa kwanza. Mfupi kama mimi, viatu vyekundu, macho hayakosi kitu. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, safari ambayo haikuchukua muda.

“Eh! Patroni! Weye njo ule murefu?”

Nikamwambia foni hurefusha watu, ni mambo ya mawimbi. Akatikisa kichwa kama mtu anayejifunza.

Mama Mawazo akaja na kuku chini ya kwapa, zawadi yangu. Kuku akaingia kwenye sufuria. Mwisho Kapya. Nilikuwa nimejitayarisha kwa jitu. Akatokea mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na furushi la samaki wakavu ambao hata ungewaunganisha wote wasingefika urefu wa mtumbwi. Furaha niliyoipata hapo siwezi kuieleza.

Nikawakalisha kwenye viti vya kitambaa. Wakasifu kila kitu, huku wakitazamana. Mutale akauliza ni nani yule kwenye picha kubwa ya ndoa ukutani. Mjomba, nikasema. Akasema mjomba ana mashavu mazuri. Kapya akaomba kuona motokari. Akaingia, akakalia yai, akataka liwashwe. Nikamwambia linapumzika. Akauliza tangu lini.

Kabla sijajibu, Peugeot ikaingia uani. Walikuwa wamefika njiani wakakumbuka kwamba wamesahau zawadi ya maharusi: sufuria.

Bwana Kasimu akasimama mlangoni. Akaniona kwenye kiti chake, ndani ya nguo zake, nikiwa na paja la kuku mkononi. Nilifungua mdomo. Badala ya uongo kutoka, paja liliingia. Jambo hilo halijawahi kunipata.

“Mjomba amefika!” akasema Mutale.

“Mjomba wa nani? Huyu iko Ngosa! Anafagiaka depo yangu!” Bwana Kasimu alikuwa amevimba shingo. “Ngosa, Jumatatu usikanyage pale! Kazi imeisha!”

Nikaona maisha yangu yote, na hayakuwa marefu. Kazi, chumba, foni. Zaidi ya yote foni. Jioni bila sauti zile ningeongea na nani? Na unga?

Mama Mawazo akaweka sahani chini, akainuka taratibu.

“Jambo Baba. Hatukuye kukuibia. Shiye tunajuaka zamani kama eye hapana patroni.”

Nikadhani sikusikia vizuri: wanajua tangu zamani kwamba mimi si patroni? Akaendelea kueleza, kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. Mikro yangu ni mbovu. Nikiiweka mezani, kitufe kinabaki kimekandamizwa. Mimi nadhani nimefunga. Wao wanasikia kila kitu. Ufagio. Nyimbo. Matusi ya Jumatatu. Mpango wa daraja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kapya, bila aibu, akaongeza kwamba huko Kasenga watu huacha kupakia samaki na kuja kusikiliza. Mutale alikuwa ameuliza habari za ng'ombe kwa makusudi, aone nitafika naye wapi.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, basi wamekuja kwa nani.

“Tulikuya kumuona Ngosa,” akasema Mutale. “Ule Patroni, hatumujue.”

Nikafuta macho kwa mkono wa abakosti. Ni pilipili.

Bwana Kasimu akasema yote hayo hayamhusu, nivue nguo zake. Ndipo Mutale akamgeukia, akafanya sauti nene: “Ngosa! Fagia!” Ilikuwa sauti ya Bwana Kasimu hasa. Halafu akasema kuna nyingine pia wanaipenda, inayokuja jioni mimi nikiwa nimetoka kuchota maji. Akakaza midomo, akafyonza: sssssup! Akafyonza tena. Akahema kwa raha. “Ile ya maziwa ya mukebe.”

Mama Asha alikuwa ameshaingia. Akamtazama mume wake. Daktari amemkataza sukari, na Bwana Kasimu amemwambia mke wake kwamba mikebe inayopungua depo inaliwa na panya, ingawa kila mkebe mtupu una tundu dogo la mviringo.

“Panya banatoboaka mukebe na musumari?” akauliza Mama Asha.

Bwana Kasimu akakaa. Alikaa kwenye kigoda, viti vyote vilikuwa na watu.

Mama Asha akaonja mchuzi. Akasema sufuria si zawadi tena, watapeleka kitenge; Mama Mawazo alikuwa nacho kwenye kikapu. Akasema Ngosa haendi popote. Jumatatu nitakuwa kazini, na mikro nitaiweka mezani vilevile, kwa sababu mdogo wake wa Kipushi ana foni dukani, na atakuwa anasikiliza. Kisha tukala sote. Bwana Kasimu alikula kama mtu aliyeko mahakamani.

Wakati wa kuondoka Mutale alinivuta kando, karibu na vyungu vya maua. Akasema kuna jioni moja niliimba nikifagia, wimbo wa watoto wa Kibemba. Alikuwa amefiwa na dada yake wiki ile. Alizima taa ya ghala, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Akaniomba niuimbe tena, pale pale.

Nilikuwa na nafasi. Nakubali, nilikuwa nayo. Nikamwambia aliyekuwa akiimba ni mlinzi.

Akanitazama. Akacheka, lakini safari hii cheko halikukimbia. Akapanda gari.

Jumapili, 8 Agosti

Nimefua abakosti kwa maji ya moto ili kuondoa mchuzi. Imepungua. Sasa inanitosha kabisa.

Bwana Kasimu nitamwambia amenenepa.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimekuwa mtu mpya. Nimeamka nikiwa hivyo.

Jioni tumekutana hewani kama kawaida. Mama Mawazo bado yuko mjini. Alikuja depo, akakaa juu ya gunia na kikombe chake cha chai. Kapya amevunja miwani tena. Mutale ana kikohozi cha vumbi, nikamwambia achemshe majani ya mpera. Aliponiuliza nimeshindaje, nikasema wazi: nimefagia, nimepakua unga, nimefokewa. Kifua kikawa chepesi. Mutale akasema hiyo ndiyo habari aliyokuwa anaitaka. Mama Mawazo akanipapasa mgongo. Kumbe ukweli hauumi! Nikaamua kuusema kila siku, kuanzia leo mpaka kifo.

Ndipo ikaingia sauti ngeni. Chola, karani mpya wa foni, Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Sauti nyororo, kama kitambaa kipya. Akatusalimu wote kwa heshima. Akasema hamjui mtu yeyote hapa hewani. Akauliza huyu wa Lubumbashi ni nani, na anafanya kazi gani.

Mama Mawazo aliacha kunywa chai. Kambove wanasikiliza. Kasenga wanasikiliza. Hata Kipushi, nadhani.

Nikamwambia mimi ni rubani, uwanja wa Luano.

Akauliza ninarusha ndege gani.

Zote, nikasema.