Ubongo wa Mkate Laini

Siagi alipewa jina hilo kwa jinsi maneno yalivyoteleza kinywani mwake. Asubuhi moja alikuta ofisi ikitupa kompyuta kuukuu, akasaidia kubeba bila kuombwa. Na Siagi akikusaidia bure, hesabu vidole vyako. Alipoondoka alikuwa na mfuko wa prosesa, zile bongo za kompyuta: vigae vizito vya kauri, kila kimoja kama biskuti, chini vimeota miguu mingi kama jongoo.

Akajiuliza, nani ana shida hapa mjini? Mwokaji! Tangu mwanamke mmoja afungue duka la mikate ng'ambo ya barabara, wateja walimpita mwokaji wakimsalimia tu. Alibania hamira, mikate yake ikawa ya kuzuilia mlango. Tanuri likizimika, yeye na mama yake hawana pengine pa kula.

"Kaka," Siagi alinong'ona, "yule jirani yako katupa kompyuta yake. Ubongo wake ninao. Siri ya mkate laini imo humu."

"Humu? Mbona kama kigae cha choo?"

"Na kichwa chako kwa nje kikoje? Washa tanuri."

Mama yake mwokaji alikuwa pembeni akichekecha unga.

Siagi alikipasha kigae kwenye sinia la kuokea, akapenyeza ncha ya kisu chini ya kifuniko chake kidogo cha njano. Tik! Kikaruka. Ndani, kwenye shimo la mraba, kililala kipande chembamba kama ukucha. Akakibandua kwa wembe, taratibu, kama anayemtoa mtoto kibanzi. Alipokigeuza dirishani, kikamwaga rangi zote za upinde wa mvua.

Mwokaji alisahau kufunga mdomo. "Nakisomaje?"

"Hukisomi. Unakilalia chini ya mto. Ubongo kwa ubongo, vitaelewana vyenyewe."

"Na hivyo vingine mfukoni?"

Siagi akavaa huzuni ya kuazima. "Aa, hapana. Hiki cha hoteli kubwa, hiki cha kiwanda cha keki... Hivi siuzi."

Basi asiyeuza akauza vyote. Pesa za mwokaji hazikutosha, akaongeza baiskeli ya kusambazia mikate. Ikawa tik, tik, maganda yakidondoka sakafuni.

"Mwanangu," mama akauliza, "na haya maganda?"

"Takataka hizo, mama."

"Basi nitazifagia mimi. Kitendawili!"

"Tega."

"Nimemenya, nikatupa kiini, nikala ganda."

"Huyo kichaa!" Siagi akacheka, akapanda baiskeli. Mfukoni mwake alikuwa ameficha kiini kimoja alichochomoa kwa siri, kizuri kuliko vyote. Mazoea yana taabu.

Siku chache baadaye alikipeleka kwa sonara. "Kito adimu hiki, bwana mkubwa."

Sonara akakigeuza mara moja tu. "Hiki ni sawa na kioo. Ganda lake liko wapi? Dhahabu iko kwenye ganda."

Mlango ukalia nyuma yake. Mama wa mwokaji akaingia, aproni imetuna, akaimwaga kwenye kaunta: vigae, vifuniko, miguu ya jongoo, vyote vinang'aa njano.

"Mama! Ulijuaje?"

"Tanuri lile nililinunua kwa kuuza hereni zangu za dhahabu. Rangi yake nitaisahau?"

"Lakini maganda ni yangu!"

"Uliyaita takataka. Au twende kwa mwanangu, ukamweleze na viini ni kitu gani?"

Siagi akaurudisha mfukoni mkono aliokuwa ameunyoosha kwenye maganda.

"Na kitendawili hukukitegua," mama akasema. "Nipe mji."

"Chukua, mama. Chukua na vitongoji vyake."

Kwa pesa za maganda mama akanunua unga mzuri, hamira akaishika yeye mwenyewe, na bado zikabaki za pikipiki. Mikate ikawa laini kama shavu la mtoto. Mwokaji hana shaka ni ule ubongo. Analala na viini vyake chini ya mto, japo vinamchoma sikio.

Juzi Siagi alikuwa akipanda mlima, baiskeli inalia kama paka. Pikipiki yenye tenga la mikate ikapunguza mwendo ubavuni mwake.

"Kaka, ubongo unafanya kazi!" mwokaji akapaza sauti. "Njoo ununue mkate, nitakupunguzia!"

Siagi akafungua mdomo amjibu. Ukaingia moshi.