Jua Lililohamia Njia Nyekundu

Kassian Unterrainer,
Mjenzi wa Majiko ya Vigae,
Hinterlahn, Tirol.

Mheshimiwa Wendelin Praxmarer,
Mwenyekiti,
Klabu ya Wachongaji Theluji ya Kaltegg.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA FAINALI NA KURUDISHIWA HAKI YA MSTARI WA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa jikoni kwangu, kwenye mwinuko wa mita mia tisa na arobaini, na ndiyo maana ninakuita Mheshimiwa. Tungekuwa juu ya mita elfu moja, ambako kwa desturi yetu vyeo vyote huachwa chini pamoja na magari, ningekuita Wendl tu, na ningetumia maneno ambayo posta isingekubali kuyabeba. Shukuru basi kwamba tunaonana bondeni.

Unanifahamu. Nilianza kazi na toroli la kuazima na ndoo ya udongo, na leo ni nyumba chache za bonde hili zisizoota moto kwenye jiko langu. Hata ya kwako inaota. Sina tabia ya kuandika barua za malalamiko, ukiacha ile ya kengele ya kanisa na ile nyingine ya kengele ya kanisa.

Kwa faida ya wajumbe wapya wa kamati, nieleze kinachogombaniwa. Bingwa wa klabu yetu hapewi kikombe. Hupewa Haki ya Mstari wa Kwanza: kila asubuhi, hadi mashindano ya mwaka unaofuata, hupanda lifti ya mlimani kabla ya watu wote, akashuka peke yake kwenye mteremko uliochanwa na mashine, theluji ikiwa na mistari yake yote kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Wengine husubiri chini nyuma ya kamba. Asiyechonga, yaani asiyeteleza juu ya theluji kwa ubao, haelewi. Unaulaza ubao kwa ubavu, makali yanashika, mkono wako unapita karibu na ardhi hadi glavu inalamba theluji, na sauti pekee unayoisikia ni ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Nyuma yako unabaki mstari mmoja mwembamba, safi kiasi kwamba fundi angeweza kuupima. Nimekuwa na haki hiyo misimu sita mfululizo. Nina miaka hamsini na tisa, na daktari alipolitazama goti langu la kushoto alikohoa, akaniuliza habari za wajukuu. Asubuhi za namna hiyo zilizobaki kwangu si za kugawa.

Sasa anayo mke wangu, Notburga. Aliipata kwa kunishinda kwenye fainali, mbele ya bonde zima. Ninapinga matokeo hayo kwa sababu zifuatazo:

1. SUPU. Asubuhi ile niliongoza mchujo, na kwa kanuni zetu anayeongoza huchagua njia ya kushukia fainali, nyekundu au bluu. Nilichagua nyekundu. Ilikuwa kwenye kivuli cha mwamba, ngumu kama kigae, na nilikuwa nimeshauandaa ubao wa kazi hiyo: sentimita mia na themanini na tano, mwembamba, mkaidi, makali yake unaweza kunyolea ndevu. Theluji ngumu hutaka ubao mrefu usiopinda ovyo, maana mfupi hutetemeka na kukutupa nje. Njia ya bluu ilikuwa juani na ilishaanza kulowa. Kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo sufuria ya supu ya madonge ya ini ilipotolewa kibarazani, na mashindano yakasimama.

Najua ni desturi. Najua pia kwamba mpishi ni mama yangu mzazi. Hata hivyo nilimfuata mshika bendera, shemeji yangu Vitus, ambaye siku nyingine huendesha lifti, nikamwomba kwa heshima tushuke kwanza kisha tule. Alinijibu huku akipuliza kijiko. "Shemeji, mlima hauna miguu. Madonge yanapoa."

Mapumziko ya dakika ishirini yakawa saa nzima, kwa sababu watu walirudia. Mimi mwenyewe nilikula madonge matatu, lakini niliyala kwa kupinga.

2. JUA. Tuliporudi juu, jua lilikuwa limeuzunguka mwamba na kukaa juu ya njia nyekundu. Njia ya bluu, ambayo asubuhi nzima ilikuwa ikilowa, sasa ilikuwa kwenye kivuli cha misonobari na uso wake umekaza kidogo, kama keki iliyotolewa tanurini na kuachwa dirishani. Yangu ilikuwa uji.

Naomba kamati isome kanuni ya kumi na nne: "Mshindani akishachagua njia haruhusiwi kuhama." Sikuhama mimi. Notburga hakuhama. Aliyehama ni jua, tena baada ya uchaguzi kukamilika, bila kumtaarifu mwamuzi. Kanuni haisemi kwamba inawahusu watu tu. Kama nguvu kubwa kiasi hicho inaruhusiwa kubadili upande katikati ya mashindano huku mjenzi wa majiko amekatazwa, basi hatuna kanuni. Tuna mapendekezo.

3. MISONOBARI. Ile iliyoivusha bluu salama ni mali ya parokia. Nilimwendea padri nikampa njia mbili za haki: ama ikatwe, ama ipandwe mingine kama ile upande wa njia nyekundu, yenye urefu sawa, ianze kutoa kivuli kabla ya Machi ijayo. Padri alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama ninalala vizuri.

4. USHAURI SAHIHI. Hili ndilo zito kuliko yote, na ninaliandika kwa masikitiko. Tukiwa langoni, tayari kuanza, mke wangu alinyoosha buti lake, akalibonyeza kwenye theluji ya njia yangu, likazama. Kisha akasema, na Vitus ni shahidi, "Kassian, kwako kumelainika. Kachukue ule mpana, mimi nakusubiri."

Ndugu Mwenyekiti, alikuwa sahihi. Kwenye uji ubao mwembamba na mgumu huzama kwa makali, ncha ikafuata, na anayeusimamia akafuata ncha. Hapo hutakiwa ubao mpana na laini kidogo, unaoelea, na mtu asiulaze sana. Hayo nimewafundisha vijana wa klabu hii kwa miaka. Lakini Notburga ameishi nami miaka thelathini na mbili. Alijua fika kwamba wazo likitoka kwake, mbele ya kaka yake na mbele ya watu waliojaa supu, sitalikubali. Nilimjibu kwamba mimi huchagua ubao mara moja kwa siku. Ndilo jibu alilolitegemea. Kwa hiyo alimpa mshindani mwenzake ushauri sahihi kwa makusudi, ili usifuatwe, na kwa kufanya hivyo akauondoa ubao sahihi miongoni mwa mbao nilizoweza kuzitumia. Kama huko si kumzuia mshindani, naomba nielezwe kuzuia ni nini.

Matokeo mliyaona. Kona ya kwanza nilikata, ya pili nilikata, ya tatu nilichimba. Niliibuka na theluji masikioni, na mama yangu bado ameshika upawa.

5. Hoja ya tano imeondolewa kwa ombi la mama.

6. UBAO ALIOUTUMIA. Alishuka na ule wa sentimita mia na sitini na nane, ambao si wa theluji ngumu hasa wala si wa uji hasa, ni wa siku ambazo mtu hajui anachotaka. Ghalani ninazo mbao tano zimepangwa ukutani kwa mfuatano: wa barafu, wa theluji kavu iliyochanwa, wa hali ya kati, wa uji wa machipuko, na wa theluji ya unga inayofika magotini. Kila mmoja una kibandiko chenye nyuzi za baridi zinazoufaa. Nilimuuliza kwa nini alichukua ule wa kati. Alisema ndio uliokuwa karibu na mlango na yeye alikuwa amebeba kapu la mkate.

Ulikuwa karibu na mlango kwa sababu mimi niliusogeza ili niufikie wa kwangu. Kwa hiyo nilimwandalia, nilimnolea, nilimpaka nta, na bila kujua nilimchagulia. Swali langu kwa kamati ni la hesabu nyepesi: ikiwa kuchagua ubao ni nusu ya ushindi, kama unavyosema mwenyewe kila mkutano mkuu, na nusu hiyo niliifanya mimi, na nusu zangu mbili nilizifanya pia, basi nusu tatu kati ya nne za fainali ile ni zangu.

7. MATUMIZI YA HAKI. Hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi nasimama nyuma ya kamba pamoja na wageni wenye kofia zenye vishada, namtazama mke wangu akishuka. Anachonga vizuri. Sitasema vinginevyo, maana nilimfundisha mimi. Lakini katikati ya mteremko, kwenye theluji ambayo hakuna kiumbe aliyeigusa, husimama. Husimama, Ndugu Mwenyekiti! Hutazama milima. Nilipomuuliza jioni kulikuwa na nini, alisema kulikuwa na ukungu mzuri bondeni. Mimi katika misimu sita sikuwahi kuona ukungu wowote.

Na Vitus, anayefunga na kufungua kamba, hanisalimu tena kwa jina. "Umeamkaje, Bwana Notburga? Leo bibi bingwa kakuachia kifungua kinywa au unafunga?" Wageni hucheka bila hata kujua wanachocheka.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo: fainali ifutwe, supu ihamishiwe baada ya mashindano, na kama haiwezekani, mashindano yahamishiwe alfajiri, jua lisitambuliwe na klabu kuanzia saa sita mchana, mshindani yeyote atakayempa mwenzi wake ushauri sahihi akatwe sekunde mbili, na wakati kamati ikitafakari, Haki ikabidhiwe kwa muda kwa aliyekuwa nayo kabla, ambaye ana uzoefu nayo na yuko tayari kuanza kesho.

Kamati ikikataa, sitakuwa na budi kuanzisha klabu nyingine. Kwa kweli nimeshaianzisha. Uchaguzi ulifanyika Jumanne, nikashinda uenyekiti kwa kura moja, na mkutano ulimalizika kwa utulivu. Tatizo letu kwa sasa ni mlima.

Naomba pia barua hii isimfikie Notburga kabla ya Pasaka. Ameshaahidi kuoka mkate wa zabibu, na sitaki jambo la kisheria liingiliane na unga.

Nisalimie Bibi Praxmarer na umuulize kama lile jiko la chumba cha mbele bado linatoa moshi upepo ukitoka kusini. Ni kifuniko cha dohani tu, nitapita. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, msalimie padri, na wasalimie vijana wa mashine ya kuchana theluji, ambao hawana hatia yoyote katika suala hili. Vitus msalimie ukipenda.

Wako katika udongo, vigae na utafutaji wa haki,

Kassian Unterrainer
Bingwa (kabla ya supu)

N.B. Ndugu Mwenyekiti, tafadhali usiichukulie hatua barua hii. Nilitoka kwenda kuchukua kuni, na niliporudi Notburga alikuwa amekaa mezani, ameisoma yote, anamenya tufaha. Aliniuliza tu, "Kanuni ya ishirini na mbili umeisoma?"

Sikuhitaji kuisoma, kwa sababu niliipendekeza mimi, mwaka ule nilipokuwa na ugomvi na watu wengine. Inasema fainali ikifutwa, wote wawili walioshiriki huondolewa, na Haki humwendea mshindi wa tatu. Wa tatu safari hii ni Gebhard, muuza nyama. Gebhard ana ubao mmoja tu, mpana kama mlango wa zizi, wa theluji ya unga, naye huutumia kwenye barafu, kwenye uji na kwenye lami. Hachongi. Huuweka ubao kikingamo juu kabisa na kuteremka hadi chini akikwangua, kama anavyokwangua nguruwe. Akipita yeye asubuhi moja, hakuna mstari utakaobaki kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo nakiri kwamba supu ilitolewa wakati wake, jua lilifuata njia yake halali, misonobari ikae ilipo, na ushindi wa mke wangu ni halali kuliko ushindi wowote uliowahi kutokea Kaltegg. Nakusihi uulinde kwa nguvu zote za ofisi yako. Kuna jambo moja ambalo sikulitaja huko juu: kila asubuhi Notburga hushuka upande wa kushoto tu, na upande wote wa kulia huuacha bila kuugusa, naye Vitus, pamoja na mdomo wake wote, hunifungulia mimi kamba kabla ya wengine, nikauchonge. Sikuliandika kwa sababu lingedhoofisha hoja.