Mji wa Viti au Mlima wa Moshi

Jumatatu, 4 Machi

Pasipoti zimetoka. Tano. Nimezipanga mezani nikazitazama kama mtu anayetazama mtoto mchanga. Picha yangu imetoka vibaya, naonekana kama nimekamatwa. Ya mama mkwe imetoka kama ya waziri. Sielewi. Tulipigwa siku moja, na mtu mmoja, kwenye kiti kimoja.

Kwa hiyo ni kweli, tunasafiri. Familia hii, ambayo safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda harusi ya binamu yangu, inakwenda nje ya nchi! Siku chache tu, wakati wa likizo fupi ya shule, lakini nje ni nje. Kilichobaki ni kuamua wapi.

Mimi nimeshaamua. Wenzangu ndio hawajajua. Kuna mji mmoja mkubwa, na katika mji huo, wiki hiyohiyo ya likizo, kuna maonyesho ya samani. Ukumbi mzima makochi! Yapo yanayojilaza yenyewe ukibonyeza kitufe. Mimi ni fundi makochi tangu ujana wangu na sijawahi kuona ndani ya kochi la namna hiyo. Springi zake zimekaaje? Kitambaa kinakunjikaje bila kuchanika? Lakini nikisema wazi kwamba nataka kuvuka mpaka kwenda kutazama makochi, mke wangu ataniambia makochi yamejaa karakana. Kwa hiyo sitasema. Nitasema ni mji mzuri kwa watoto.

Jumanne, 5 Machi

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Mzee wa Magodoro, alishawahi kwenda nje. Mara moja. Kile kikaratasi cha ndege bado kinaning'inia kwenye begi lake, na begi lenyewe halikai nyumbani, linakaa kaunta ya duka, mbele ya wateja. Leo ameniuliza tunakwenda wapi. Nimemjibu kwamba bado tunapima mabara. Akanishauri tuende kule alikokwenda yeye, kwa sababu watu wa kule wanalala vizuri. Mtu kasafiri hadi huko, anakuletea habari za kulala. Sijui kwa nini watu wengine hawawezi kuiacha kazi yao nyumbani.

Jioni mke wangu ametangaza utaratibu. Yeye ni mwalimu wa jiografia, na hata mimi humwita Mwalimu. Nyumba hii haina amri ya baba wala ya mama. Anayetaka jambo kubwa anasimama mbele ya ukuta wa sebuleni, anatufundisha jambo lake, anajibu maswali, kisha tunanyoosha mikono. Ndivyo tulivyopata pazia la kijani. Ndivyo tulivyopata paka, baada ya binti yetu kutufundisha paka kwa michoro mpaka tukaishiwa sababu. Mama mkwe mwenyewe alishasimama pale kutufundisha kwa nini redio ipunguzwe sauti, na akashinda.

Sasa Jumapili patafundishwa mahali pawili. Mimi pangu, Mwalimu pake. Nimemuuliza pake ni wapi. Akatabasamu tu. Nimeogopa kidogo. Mwanamke huyu anachora ramani kwa chaki huku uso umelielekea darasa, hatazami ubao, na mto unapita panapotakiwa. Ndivyo nilivyomkuta nilipokwenda kuwatengenezea viti vya ofisi ya walimu. Nilisimama mlangoni na mguu wa kiti mkononi, kazi ya asubuhi ikaisha jioni.

Jumatano, 6 Machi

Kampeni imeanza. Kura ni tano. Mwalimu yake, mimi yangu. Zimebaki za mama mkwe, binti na kijana.

Nimeanza na mama mkwe, ambaye magoti yake ni ya kuheshimiwa kuliko mtu yeyote nyumbani. Nimemweleza kwamba kwenye mji wangu ngazi zinapanda zenyewe. Wewe unasimama tu, ngazi inakupeleka. Akauliza, zikizimika je, mkwe wangu, nitakuwa nimening'inia wapi? Nimemwambia hazizimiki. Akauliza nani kasema. Nimesema wataalamu. Akafikiri, akakubali, kwa sharti kwamba ndani ya ndege nikae naye mimi nimshike mkono, maana bintiye ana mkono mdogo. Nimeahidi.

Kijana wetu tunamwita Injini kwa sababu hazimiki. Yeye nimemwambia kuna treni inayopita chini ya ardhi. Akauliza kama ataiendesha. Nimesema tutaona. Kura hiyo nayo ipo mfukoni.

Binti yetu ni Wakili. Jina alijipatia mwenyewe kwa kubisha. Nimemwambia mji ni mzuri kwa watoto. Akauliza nani kasema. Nikasema watu. Watu gani? Wana watoto? Walikwenda nao? Nikakumbuka nina gundi inakauka karakana, nikaondoka. Ni mama yake kabisa, huyu. Nina hasira naye na ninajivunia, vyote kwa pamoja.

Hata hivyo hesabu yangu ni nzuri. Mikono mitatu, wangu ukiwemo. Nimekwisha shinda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kupeleleza. Mwalimu alikuwa barazani na karatasi kubwa na chaki zake za rangi. Nikaona njia ya kistaarabu ni kumpelekea chai. Akaifunika karatasi kwa atlasi, akanishukuru sana, akasema chai ni nzuri ila imekosa sukari, naomba mume wangu. Nikaifuata sukari. Niliporudi, baraza tupu. Kikombe kimeoshwa. Sukari nimebaki nayo mimi, nimesimama kama mtu wa kuuza.

Bahati nzuri Injini hawezi kukataa biskuti. Amenitajia yote. Mama anatufundisha mlima. Mlima wa volkano, unaotoa moshi mchana na moto usiku, na una nyumba ya wageni mbali kidogo ambako watu hukaa kuutazama.

Nimecheka peke yangu karakana mpaka nikapiga stepla kwenye kiganja cha mkono wangu. Mlima! Nani ataacha ngazi za umeme aende kwenye mlima unaotapika?

Nimeharakisha kwa mama mkwe nikamweleza, kwa sauti ya masikitiko, kwamba nasikia kuna mahali panapotoa moto kutoka ardhini. Nilitaka ashtuke. Hakushtuka. Akasema yeye amezika mume na amelea watoto saba, kwa hiyo mlima utulie. Kisha akaniangalia na kusema nisijali, neno lake kuhusu ngazi liko palepale. Nimelala nimetulia.

Jumapili, 10 Machi

Leo ndiyo siku. Nimevaa shati la harusi.

Nilianza mimi. Nilikuwa nimechora ramani ya mji. Injini akauliza kwa nini nimechora kandambili. Nikaanza kufundisha, na naweza kusema nilifundisha kwa moyo. Niliwaambia habari za treni ya chini ya ardhi, kwamba viti vyake vina mto wa kukaa na mto wa mgongo, na kitambaa kimeshonwa mishono miwili. Niliwaambia kuna ukumbi wa michezo ya kuigiza wenye viti vyekundu vya mahameli, ukikaa, kiti kinazama kidogo kisha kinakupokea. Niliwaambia kuna jumba la makumbusho, na katika jumba hilo kuna kiti cha enzi cha kale, mbao zake hazijaoza hadi leo. Niliwaambia kuna bustani kubwa. Hapo nikaelezea mabenchi.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Akasema, mkwe wangu, mji umenifurahisha sana, ila tangu uanze tumekaa tu. Tutainuka saa ngapi?

Nikasema safari ni mapumziko. Wakili akauliza kama kwenye mji huo, wiki hiyo, kuna jambo lolote linalohusu makochi. Aliuliza kwa adabu kabisa. Nikasema inawezekana, mji ni mkubwa, mambo ni mengi. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso na mabega yake yanatikisika.

Kisha akasimama yeye.

Hakushika karatasi ya maelezo. Alibandika mchoro wake ukutani, na mlima ulikuwa pale, mkubwa, moshi wake umeegemea upande mmoja kama unapulizwa na upepo. Akatueleza ardhi ilivyo chini yetu, ilivyo moto, inavyosogea polepole bila sisi kuhisi. Injini aliacha kutikisa miguu. Akatuambia ukikaa kwenye nyumba ya wageni unausikia mlima kifuani kabla ya kuusikia masikioni. Akamgeukia mama yake akasema hakuna kupanda, utauona ukiwa barazani.

Halafu akasema jambo ambalo mimi sikulijua. Kila mwaka, somo likifika hapo, huuchora mlima huu ubaoni. Na kila mwaka yupo mtoto anayenyoosha mkono kumuuliza, Mwalimu, umeshauona? Humjibu bado, darasa linaendelea. Mwaka huu alijibu hivyohivyo. Mtoto mmoja wa dawati la mbele akamwambia usijali, Mwalimu, hata sisi hatujauona. Kengele ilipolia wote walitoka, yeye akabaki amekaa na vumbi la chaki mikononi. Alisema hakulia. Alisema alikaa tu.

Miaka yote hii nalala ubavuni mwa mtu huyu! Nimevika makochi ya nusu ya mji huu, najua kila kochi linaumia wapi, na hili sikulijua. Nilimtazama pale ukutani, amesimama na vidole vyenye rangi, nikaona ni yuleyule wa siku ya viti vya walimu. Mke wangu ni mtu wa ajabu.

Tukapiga kura. Wanaotaka mji? Injini akanyoosha, kwa ajili ya treni. Mama mkwe alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio, lakini naye akanyoosha, kwa sababu aliniahidi, na yeye akiahidi ameahidi. Kampeni yangu ilisimama imara, kila mkono nilioahidiwa ulikuwa juu. Wanaotaka mlima? Mwalimu. Wakili. Na mkono wa tatu.

Nikatafuta ni wa nani. Ulikuwa umetokea kwenye shati la harusi.

Wakili akahesabu mara mbili. Mama mkwe akaniuliza, sasa mkwe wangu, mimi uliniomba kura ya nini? Mwalimu alikuja akaufuta mkono wangu, maana nilikuwa nimeushika wake nikapata chaki, akaenda jikoni akiimba.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeamka na majuto. Maonyesho yatafunguliwa bila mimi! Makochi yatajilaza na kuinuka wiki nzima, fundi wao mkubwa yuko barazani anatazama moshi. Nimejiuliza kama kura inaweza kurudiwa kwa sababu mpiga kura mmoja alikuwa amezidiwa. Wakili amesema haiwezi.

Nimemwambia Mzee wa Magodoro kwamba baada ya kutafakari kwa kina nimeichagulia familia yangu volkano. Akauliza watu wa kule wanalalaje. Nimemwambia hawalali, wanatazama. Begi lake leo nimeliona dogo.

Jumamosi, 16 Machi

Sasa nimetulia na nimejifunza. Mambo ya kupanga kisirisiri nimeyaacha. Ndani ya nyumba ni uwazi tu.

Leo Wakili ametusomea kwamba pale kwenye nyumba ya wageni watu husubiri moshi ugeuke mwekundu wakiwa wamekaa juu ya mawe. Mawe! Mke wangu, aliyeusubiri mlima huu tangu akiwa mwalimu mpya, akakalie jiwe? Mke wa fundi makochi? Watu watasema nini?

Nimeanza mara moja. Kiti cha kukunja, fremu nyepesi, springi nne tu, mto wa mgongo, mahali pa kuwekea kikombe. Kitambaa cha kijani. Hakuna anayejua. Sponji nzuri ya dukani imeadimika, kwa hiyo nimeazima iliyo ndani ya kochi la sebuleni, upande anaokaa mama mkwe. Jioni amekaa akashuka hadi kwenye mbao. Nimemweleza kwamba makochi hupungua pumzi wakati huu wa mwaka.

Baada ya chakula Mwalimu amenikuta nimepiga magoti nyuma yake na futi, nampima kutoka goti hadi kisigino huku anasahihisha madaftari. Akauliza napima nini. Nikasema upendo. Akaendelea kusahihisha. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema kwenye ndege haiingii springi hata moja. Nikamuuliza springi gani. Akacheka, na kicheko chake kile, hata nikitengenezewa ukumbi mzima wa makochi, sikibadilishi.

Anajua kila kitu, mwanamke huyu. Ila hajui kwamba nimeshazungumza na mama yake. Kiti atakibeba mama mkwe. Pale uwanjani atasema ni cha magoti yake, na mimi nitashangaa pamoja na wengine.