Merle Caudill Katika Dakika za Lala Salama

Katika mji wa Pigeon Lick, Kentucky, hapakuwa na mtu aliyeujua ujasiri wa watu wengine kumshinda Merle Caudill, muuza mazulia. Wake mwenyewe ulikuwa haujajaribiwa bado, lakini hilo, alisema, lilikuwa kosa la mji, si lake.

Alikuwa na mizani moja ya kuwapimia wanadamu: je, mtu huyu, katika dakika za lala salama, mchezo umebakiza sekunde chache na mpira uko mikononi mwake, atautumbukiza au atatetemeka? Kwa mizani hiyo aliwapima wachezaji wote wa mpira wa kikapu waliopita katika Chuo cha Bramlett tangu uwanja ulipokuwa na paa la bati. Kisha, kwa kuwa chombo kikishanunuliwa si vyema kikalala bure, akawapima na wengine. Mchungaji aliyebabaika kwenye sala ya kufungia ibada: hana lala salama. Bibi harusi aliyenyamaza kidogo kabla ya kusema "ndiyo": hana lala salama. Ng'ombe wa jirani aliyeshindwa kuzaa mpaka aitwe daktari: naye vivyo hivyo.

Lakini aliyewekwa katika mizani akaonekana kupunguka kuliko wote alikuwa Lowell Tackett, mfamasia. Zamani, alipokuwa kijana mwembamba wa mwaka wa pili pale chuoni, Lowell alisimama kwenye mstari wa mitupo huru katika fainali ya kanda, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja, akaikosa yote miwili. Tangu hapo nywele zake zimekuwa nyeupe, ameutibu mji mzima kikohozi, na hakuna mama mwenye mtoto wa homa aliyegonga mlango wake akarudi mikono mitupu. Kwa Merle haikusaidia kitu. Kwa Merle, Lowell bado alikuwa amesimama palepale mstarini, na mpira bado unagonga chuma.

Merle alikuwa na presha. Vidonge vyake alivifuata mji wa pili, ng'ambo ya mlima, na kila alipolipita duka la Lowell alipandisha kioo cha gari.

"Siwezi kuukabidhi moyo wangu," alieleza, "kwa mtu aliyeshindwa kuukabidhi mpira kwa wavu."

Asubuhi moja, kwenye mkahawa wa Wilma Jean, Merle aliikuta meza ndefu ya wazee imechangamka kuliko kawaida. Denny Fugate, mtangazaji wa redio ya mji, alikuwa ametangaza kwamba Alhamisi jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja, watu wapige simu na kumtaja mchezaji shupavu kuliko wote wa dakika za lala salama katika historia ya Bramlett. Atakayetajwa na wengi atachorwa ukutani, mzima mzima, kwenye duka la chakula cha mifugo linalotazamana na mahakama. Ukuta huo ulitazamana pia na mlango wa duka la mazulia, na Merle aliona katika jambo hilo mkono wa Mwenyezi Mungu.

"Hapo hapana mjadala," alisema, akiuchovya mkate wake katika rojo ya soseji. "Ni Clete Barlow. Nukta."

"Clete Barlow alitupa mpira mmoja," alisema Hobe Napier, aliyekuwa dereva wa basi la shule kabla ya kustaafu. "Mmoja tu, Merle. Tena kafumba macho. Nilikuwepo."

"Alikuwa amevunjika kidole gumba."

"Juzi ulisema mkono."

"Kwani kidole gumba kinakaa wapi, Hobe? Kisiginoni?"

Wilma Jean alikuwa anazunguka na birika la kahawa. "Mimi kura yangu ni ya Rhonda Sizemore," alisema.

"Nani?"

"Rhonda Sizemore, mpenzi. Michezo mitatu ya mtoano, mfululizo, yote aliimaliza yeye. Ule wa mwisho alitoka kutapika, akarudi, akafunga."

Merle akatabasamu kama mtu mzima anayeambiwa na mtoto kwamba mwezi unamfuata. "Wilma Jean, sisi tunazungumzia mpira wa kikapu."

"Na mimi nazungumzia nini, bamia?"

"Wa wanaume, nasema."

"Denny kasema wa chuo. Au kikapu cha wanawake kina matundu mawili?"

Meza ikacheka, na kicheko kile kilimchoma Merle mahali pabaya. Akakiweka kijiko chini. Akatangaza kwamba Alhamisi yeye mwenyewe angepiga simu, na akishamaliza kusema, atakayetaja jina lingine atakuwa anajiaibisha tu.

"Na Barlow akishindwa?" aliuliza Hobe.

"Hawezi kushindwa."

"Akishindwa, bwana."

"Akishindwa, vidonge vyangu nitavichukua kwa Lowell Tackett. Mchana kweupe. Na mkono nitampa."

Hata aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna.

"Mmesikia?" Hobe aliwauliza wenzake.

"Tumesikia," walijibu.

Siku zilizofuata Merle aliandaa hotuba, na aliiandaa kwa sauti, dukani, mbele ya mazulia yaliyosimamishwa kama halaiki. Ilianza kwa Daudi na Goliathi, ikapitia kwa Samsoni, ikashuka taratibu hadi kwa Clete Barlow pale kwenye kona ya uwanja, kidole gumba kikiwa kimevimba kama kiazi. Mazulia hayakuleta upinzani. Mteja mmoja aliyefuata zulia la chumba cha wageni aliisikiliza yote akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka bila zulia.

Nyumbani aliirudia kwa Opal, mkewe. Opal alikuwa amesikia habari za Clete Barlow tangu safari ya fungate, ambako alitazamia kusikia habari nyingine.

"Ni nzuri," alisema Opal. "Ni ndefu."

"Mambo makubwa hayasemwi kwa ufupi."

"Denny ana saa moja tu, Merle, na mji una watu wengi."

Mkamia maji hayanywi. Alhamisi ilipofika Merle alivaa tai, ingawa redio haina macho. Akasimama sebuleni, simu sikioni, redio ikiunguruma kando yake. Baada ya kukuta laini imejaa mara nyingi, akapokelewa na binti mmoja wa kituoni, aliyemwambia asubiri zamu yake na azime redio yake, kwa sababu sauti ya hewani huchelewa kidogo na humchanganya anayesema.

Merle hakuizima. Mtu anayekwenda kutoa hotuba ya namna ile, na yeye asiisikie?

Akasubiri. Wengine walimtaja Barlow, wengine Sizemore. Hobe alimtaja kijana mmoja wa miaka ya karibuni, akawa peke yake. Kisha ikaingia sauti ya pole ambayo Merle aliijua, akakunja uso.

"Lowell Tackett hapa. Clete Barlow, Denny. Mimi najua mpira ule una uzito gani saa ile."

Kura ilikuwa ya upande wake, lakini Merle aliipokea kama mtu anayeletewa chakula na adui.

Saa moja ilikaribia. Taarifa ya habari hutoka makao makuu, na haikuwahi kumsubiri mtu.

"Wasikilizaji," alisema Denny, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "haijapata kutokea. Barlow na Sizemore wamelingana kura kwa kura. Nina sekunde arobaini na simu moja ya mwisho, na simu hiyo ndiyo itakayoamua. Uko hewani. Nani mwenzetu?"

"Merle Caudill wa mazulia."

Nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo, kisauti chembamba kama cha mbu ndani ya chupa kikasema: Merle Caudill wa mazulia. Merle aligeuka. Kwa miaka yote aliyoishi alikuwa ameamini kuwa ana sauti nzito.

"Nani huyo?" aliuliza.

Nani huyo? ikauliza redio.

"Ni wewe, Merle. Zima redio. Taja jina."

"Denny, kabla sijataja jina, nataka kwanza turudi nyuma kidogo, enzi za Daudi na Goliathi..."

"Jina, mzee. Sekunde ishirini na tano."

Merle akalifuata jina mahali lilipokaa siku zote, akakuta pako wazi.

Alilijua kuliko jina la mama yake. Alilitaja kila siku ya Mungu, mezani, dukani, na mara moja msibani. Sasa alipapasa kama mtu anayetafuta miwani iliyoko puani. Alikikumbuka kidole gumba. Aliikumbuka kona ya uwanja na viatu vyenye kamba nyekundu, na hata soseji aliyokula usiku ule, na kwamba haikuwa imeiva. Jina halikuja.

"Ni yule," alisema.

Ni yule, ikasema redio.

"Yule nani?"

"Yule mrefu."

"Merle, hii ni timu ya mpira wa kikapu. Wote walikuwa warefu."

"Yule wa kidole gumba, Denny. Unamjua. Kila mtu anamjua."

"Mimi namjua. Lakini sharti mpigaji ataje jina. Sekunde kumi."

Jasho lilimshuka Merle likaingia ndani ya tai. Katika mkahawa wa Wilma Jean, ambako wazee wote walikuwa wamejikusanya kusikiliza, Hobe Napier alivua kofia akaufunika uso wake, kama afanyavyo mtu mstaarabu mbele ya maiti.

"Sekunde tano, mzee."

Hapo ikasikika mlio mdogo katika laini. Simu ya pili ya nyumba ile, iliyotundikwa jikoni, ilikuwa imenyanyuliwa.

"Rhonda Sizemore, Denny," ilisema sauti ya Opal, imetulia kama ya mtu anayeagiza mkate. "Habari za jioni."

"Njema, mama. Na ndiye..."

Muziki wa taarifa ya habari ukamfunika.

Opal alishikilia, na anashikilia hadi leo, kwamba alinyanyua simu kwa nia ya kusaidia.

"Nilidhani unatafuta jina," alimwambia mumewe aliyekuja jikoni na simu mkononi, waya umenyooka hadi mwisho wake. "Nikakupa moja."

"Halikuwa hilo."

"Hukusema lipi."

Kesho yake Merle aliingia mkahawani, na mazungumzo yakakatika ghafla kwa namna ambayo haihitaji maelezo. Walikuwa wakijadili ni nani, katika historia nzima ya Pigeon Lick, aliyewahi kuishiwa nguvu vibaya zaidi katika dakika za lala salama. Mjadala ulikuwa mfupi. Ilisemekana kwamba Lowell Tackett, baada ya miaka mingi ya kushika nafasi ya kwanza bila mpinzani, alikuwa ameshushwa kwa kauli moja.

Ahadi ni deni, na Merle alijaribu kulichelewesha. Alianza kumeza vidonge nusu nusu ili visiishe. Uso ukaiva kama nyanya. Alipotaka kuvuka mlima kufuata vingine, Opal akamwambia kwamba ufunguo wa gari haonekani, na akaendelea kumenya viazi huku umening'inia shingoni mwake. Wakati huohuo mchoraji alikuwa amekwisha kupanda juu ya majukwaa yake, na kila Merle alipofungua duka alimkuta Rhonda Sizemore ameongezeka: leo magoti, kesho mabega, keshokutwa macho mawili makubwa yanayotazama moja kwa moja mlangoni mwa mazulia.

Hatimaye, Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, Merle alivuka barabara kwa miguu.

Duka la dawa lilikuwa limejaa kupita kawaida yake. Hobe alikuwapo, na kikohozi ambacho jana hakuwa nacho. Wilma Jean alikuwa amesimama mbele ya rafu ya plasta, akizisoma moja moja. Foleni ikampisha Merle kwa heshima kubwa iliyotia mashaka.

Merle akanyoosha mkono juu ya kaunta. Lowell akaupokea, akautikisa, akauachia, bila kuukaza wala kuulegeza.

"Karibu, Merle. Ni presha?"

"Ni presha."

"Vipo." Lowell akavuta kalamu. "Ila hujawahi kuchukua dawa hapa, na sheria inataka mgonjwa ajitaje mwenyewe, hata kama namfahamu. Jina kamili?"

Merle akafungua kinywa. Hobe akaacha kukohoa. Wilma Jean akaacha kusoma plasta. Mji mzima ulikuwa nyuma ya shingo yake, umeshika pumzi, na kinywa kilibaki wazi, hakitoi kitu.

Lowell Tackett akailaza kalamu mezani polepole.

"Usiharakishe," alisema. "Hapa hatuna taarifa ya habari."