Mke Wangu Hatakula Mawe ya Opiyo

Jumatatu, 6 Machi 1995

Asubuhi Nekesa ameniambia nikitoka kazini nimletee mawe. Mume mwingine angesahau. Mimi nimepita dukani, nikanunua mawe manne makubwa ya redio. Betri mpya kabisa! Nimeyapanga mezani, nikangoja tabasamu. Mke wangu ameyatazama, akanitazama, akasema asante, akaenda kwa jirani yetu Kezia.

Kuta za Kaloleni, mtaa wetu hapa Nairobi, husikia yote. Wamecheka mpaka Opiyo, mume wa Kezia, akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akacheka yeye pia! Fundi seremala ambaye kiti chake mwenyewe kinayumba.

Redio sasa inasikika mpaka kwenye jumba la mikutano la mtaa. Hakuna aliyenishukuru.

Jumanne, 7 Machi

Mambo yamefafanuliwa. Nekesa hakutaka betri. Anataka mawe ya kula, yale laini ambayo kina mama wajawazito hutafuna. Nimeuliza ni nani mjamzito. Nimeuliza kama ni Kezia tena, maskini. Nekesa amechukua mkono wangu akauweka tumboni mwake na kuniuliza kama nimemaliza maswali.

Miaka sita! Miaka sita mama yangu akija kutoka Bungoma hutazama tumbo la Nekesa kabla ya kusalimia. Hapa mtaani kila mwanamume ni Baba fulani. Opiyo ni Baba Akinyi. Mimi ni Kweyu tu, hata watoto wadogo huniita Kweyu. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Nimejifutia kitambaa cha meza, na Nekesa hakunigombeza.

Kisha nikauliza mawe hayo hupatikana wapi. Amesema Kezia anayo gunia zima, meupe, Wajaluo huyaita odowa, niende tu nikanunue. Hapo nikasimama. Mifupa ya mtoto wangu wa kwanza itoke kwenye gunia la Opiyo? Hapana. Mke wangu hatakula mawe ya Opiyo. Shuleni Jiografia ndilo somo pekee lililonipenda. Mawe nitayaleta mwenyewe.

Jumatano, 8 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nimeenda machimbo ya Njiru. Nimewaeleza wachongaji kwamba jiwe wanalolikata ni majivu ya volkeno yaliyolala hapo zamani za kale yakagandamana. Wamesema sawa, lakini nisogee, nyundo haisikii Jiografia. Nimechagua jiwe zuri la kijivu, nikalileta nyumbani begani.

Nekesa ameling'ata. Meno yamelia. Amesema ni jiwe zuri la kujengea nyumba.

Si kosa langu. Jiwe hilo bado halijaiva. Nakumbuka somo lenyewe: jua hupanua mwamba, baridi huukaza, unapasuka. Maji huingia kwenye nyufa, yanaulainisha kidogo kidogo, mwisho unakuwa udongo. Kazi ya maelfu ya miaka. Mtoto anakuja Oktoba. Lazima niiharakishe.

Alhamisi, 9 Machi

Mpango ni huu: jiko liwe jua, maji baridi yawe usiku. Nimelichoma jiwe mpaka likawa jekundu pembeni. Nimelimwagia maji.

Mlipuko! Kipande kimoja kimetoboa sufuria ya ugali. Kingine kimevunja dirisha la Opiyo. Chupa ya chai, zawadi yetu ya harusi, imenusurika kwa neema ya Mungu. Opiyo amekuja mlangoni kuuliza ninapigana na nani. Nimemwambia haya ni masomo. Amesema basi nisomee upande ule mwingine, wa reli.

Nekesa alikuwa amekaa nje, ameshika tumbo kwa mikono miwili, anacheka huku machozi yanamtoka. Baadaye amenibembeleza, taratibu, ninunue tu kwa Kezia. Nimekataa. Amenipaka mafuta kwenye kidole nilichoungua, akakipuliza. Ningeungua vyote kumi.

Ijumaa, 10 Machi

Moto umeshindwa, nimegeukia asidi. Mvua ina asidi kidogo, na kidogo ndicho kinachochelewesha mambo. Nimetumbukiza vipande ndooni pamoja na siki na ndimu usiku kucha. Jiwe la chokaa lingetoa povu. Hili limekaa tu, limenyamaza. Nyumba nzima imenuka kachumbari na Nekesa ametapika mara tatu kabla ya chai. Nimemshika mabega, nimejiona mume mbaya kuliko wote wa mtaa huu. Nimemwambia hivyo. Amesema kuna wabaya zaidi, ila wananukia vizuri.

Kipande kimoja kilionekana kimelegea. Nimempa Nyanya Mbeti anayeuza sukumawiki getini, kwa kuwa amezaa watoto wanane, ana uzoefu. Kilicholegea kilikuwa jino lake. Limetoka. Amesema lilikuwa linamsumbua tangu Krismasi, Mungu anibariki.

Huo ndio ushindi wangu wa wiki.

Jumamosi, 11 Machi

Njiru tena. Safari hii nimeenda kwenye ukuta wa zamani usiochimbwa siku hizi, ambapo maji ya mvua yamekuwa yakitiririka tangu sijazaliwa. Nimeukwaruza kwa ukucha. Umekubali! Mwamba umeoza, umegeuka manjano, unamomonyoka mkononi. Mvua ilikuwa imeanza kazi yangu mapema, ikiningoja. Nimekwangua mpaka kitambaa kikajaa, nikapiga magoti nikashukuru, wachongaji wakidhani nimeumia.

Nyumbani nimezikausha chembe kwenye kikaango, nikampa Nekesa kwa kijiko. Ametafuna. Amefumba macho. Amesema ni tamu. Amesema inanukia kama uani kwa mama yake mvua ya kwanza ikigonga vumbi. Kisha ameshika kichwa changu akakiweka kifuani mwake, tukakaa hivyo mpaka mkaa ukazimika.

Opiyo akae na gunia lake. Mteja amempoteza.

Jumapili, 12 Machi

Maajabu! Baada ya kanisa nimetandika kitanda, nikakuta mawe chini ya mto wa Nekesa, yamefungwa kwa gazeti. Meupe! Laini kama chaki! Jana yalikuwa manjano. Nimelifikiria sana. Jibu ni joto la kichwa. Limemalizia kazi ya jua kwa usiku mmoja tu.

Chembe nyingine za manjano nimezikuta kwenye kopo la maua dirishani. Mwanamke mwenye roho nzuri, ameyagawia hata maua.

Nimemweleza Opiyo ugunduzi wangu. Amefungua mdomo. Kezia amemkanyaga mguu. Ameufunga. Wivu huo.

Jumamosi, 7 Oktoba 1995

Alfajiri Nekesa ameniamsha, akaniambia chupa imepasuka. Nimemtuliza. Nimemwambia asishuke kitandani asije akakanyaga vipande, kitu kidogo hicho kisimtie mjamzito wasiwasi. Nimefagia chini ya meza. Ameniita jina langu lote, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nimeelewa: ni zawadi ya harusi, lazima imuume. Nimemwita Kezia aje akae naye, nikakimbia Eastleigh kungoja maduka yafunguliwe. Nimepata chupa nzuri, yenye maua mekundu na vifuniko viwili.

Kurudi, mlango umefungwa. Opiyo amekaa kwenye ngazi yangu, ananingoja. Alitafuta pikapu, akawapeleka Nekesa na Kezia hospitali, kisha akarudi kunichukua. Hakucheka. Ametazama chupa, akanishika mkono kama mtu anayemvusha kipofu barabara.

Ni msichana! Anaitwa Nasambu. Ana vidole vyote na hasira kidogo. Nekesa ameiona chupa mkononi mwangu, akacheka mpaka muuguzi akamkataza, kisha akalia, kisha akaomba chai. Opiyo amesimama mlangoni na kusema hongera, Baba Nasambu. Nimemsamehe yote, hata kile kiti.

Sasa wamelala wote wawili. Jambo moja tu linanisumbua. Chupa ya zamani nimeiacha kabatini, nzima, ina chai ya jana. Nikifika nyumbani nitafagia tena chini ya kitanda. Sitaki mtoto aje akatwe na vipande.