Mashine Iliyonukia Maharagwe

Hakuna mashine iliyowahi kumshinda Pontiani. Kutoka soko la Rumonge mpaka kule mitumbwi inakoshusha samaki wadogo wa ndagala, hakuna hata moja! Sababu yenyewe ni ndogo tu: hakuna mtu aliyewahi kumpa mashine.

Alichokuwa anapewa ni baiskeli. Kwao Minago alianza kutengeneza baiskeli kabla meno ya utoto hayajaisha kinywani, na kwa baiskeli, tuseme ukweli, mkono wake ulikuwa wa baraka. Lakini baiskeli haina kioo kinachowaka. Basi mwaka jana akajinunulia koti jeupe la mitumba, kama yale wanayovaa madaktari, akachomeka kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino, akatangaza kwamba kuanzia siku ile asiitwe tena Pontiani kavukavu. Aitwe Enjenyeri!

Mkewe Mwavita akakubali. Mwavita ni mtu wa kukubali kwanza na kuangalia baadaye. Alikuwa na chungu jikoni na mtoto mgongoni, Schékinah, wa mwaka mmoja na nusu. Mtu mwenye chungu na mtoto habishani na kalamu.

Jumatatu moja akapita Direkteri Léonard, mkuu wa shule ya pale mtaani, amebeba mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na kompyuta ya kubebeka, ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, na kona moja imefungwa kwa plasta ya kidonda.

"Enjenyeri, amahoro."

"Amahoro, Direkteri! Karibu ofisini!"

Ofisi ilikuwa kigoda, chini ya bati la jikoni.

"Hii mashine sisitemu yake imekufa," Direkteri akasema. "Unaiwasha, inaleta weusi tu. Tena feni yake inalia. Na Jumamosi tunatangaza matokeo, wazazi wote watakuja kusikia watoto wao wamekuwa wa ngapi. Nataka majina yakae humu. Utaweza kuweka sisitemu mpya?"

Pontiani akacheka kicheko cha mtu aliyeulizwa kama anajua kunywa maji.

"Direkteri! Mimi sisitemu nazipanda kama mihogo!"

"Basi iwe tayari Ijumaa. Kile chumba cha mashine pale shuleni, mashine ziko sita, mtu wa kuziangalia hakuna. Ukiiponya hii, ufunguo ni wako. Na mshahara wa kila mwezi."

Ufunguo! Moyo wa Mwavita ukaruka kama ndagala kwenye wavu. Maana tangu mwezi uliopita Pontiani alikuwa anasema Rumonge imembana mabega, kwamba atapanda Bujumbura kutafuta watu wanaojua thamani ya kichwa. Na Mwavita anawajua wanaume wanaopanda Bujumbura kwa wiki mbili. Mtaani kwao kuna mtoto amejifunza kusimama, kutembea na kuandika jina lake, na baba bado yuko kwenye wiki ya kwanza.

"Mungu wangu," akasema moyoni, "hiyo mashine ipone, mume wangu abaki."

Jumanne asubuhi Enjenyeri akaanza kazi. Kwanza alikuwa ameifungua na kuifunga peke yake, amewageuzia watu mgongo, kwa sababu siri za kazi hazionyeshwi ovyo. Kisha akachomeka flashi yenye sisitemu mpya, aliyoazima sokoni, akanyoosha mkono kama padri.

"Mtu asifagie! Vumbi ndilo linaleta virusi!"

Mwavita akauweka ufagio chini. Kioo kikawaka buluu. Namba zikaanza kupanda. Kumi kwa mia. Thelathini. Hamsini.

"Unaona?" Pontiani akasema. "Inanitii!"

Sitini. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini na tatu kwa mia...

Mashine ikakohoa, ikanuna, ikazimika. Pwaa! Na hewani ikabaki harufu. Si harufu ya waya kuungua, hapana. Harufu nzuri, ya joto, ya kuleta mate.

Mgongoni, Schékinah aliyekuwa amelala fofofo akainua kichwa. "Mam-mam?" akauliza. Kwa lugha yake, hicho ni chakula.

"Ni flashi," Pontiani akasema. "Flashi ni mbovu."

Akaazima flashi nyingine. Sitini na tatu kwa mia. Pwaa!

"Ni umeme. Umeme wa leo una madoadoa."

Akangoja umeme usio na madoadoa. Sitini na tatu. Pwaa!

"Ahaa! Sasa nimeelewa. Mashine inaangalia ukutani! Itafika wapi ikiwa inaangalia ukuta? Lazima iangalie ziwa, sisitemu ipate hewa ya mbali."

Akageuza kigoda, mashine ikaangalia Ziwa Tanganyika na milima ya Congo ng'ambo. Ikaangalia vizuri, ikafurahia mandhari mpaka sitini na tatu, kisha ikazimika kwa heshima zote.

Hapo juu ya uzio wa matete kikatokea kichwa chenye mtandio. Kilikuwa kichwa cha Kadidja, jirani yao, mwanamke ambaye pua yake inajua kila nyumba inakula nini.

"Mwavita! Unakaanga maharagwe saa tatu ya asubuhi, na jirani huiti?"

"Dada Kadidja, hata moto sijawasha."

"Sasa nani anakaanga?"

Wote watatu wakaitazama mashine. Pontiani akavuta kola ya koti.

"Hiyo ni sisitemu ya zamani inatoka," akasema. "Ikitoka lazima inuke. Hata pepo akimtoka mtu, si ananuka?"

"Hiyo sisitemu yako ya zamani," Kadidja akasema huku akinusa, "inakosa kitunguu tu."

Jumatano ikawa vilevile. Mara sita! Mara sita mashine ilipanda kama askari, na mara sita ikaanguka palepale, kama mtu mwenye deni akifika mlangoni kwa anayemdai. Jioni Enjenyeri akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kukunja mashati.

"Kesho nikishindwa, Ijumaa napanda gari la Bujumbura. Siwezi kuishi katika mji ambao mashine hazina adabu!"

Mwavita aliyatazama mashati yanavyoingia begini, moja, la pili, lile la arusi. Akaenda jikoni ili aonekane anatafuta chumvi.

Ni pale jikoni alipoiona chupa ya mawese. Jumapili ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Tangu hapo alikuwa amepika mara mbili tu, na yeye mawese huyapima kwa jicho la mtu ambaye hajui ya kesho. Sasa yalikuwa yameshuka vidole vinne!

Akatazama chini. Sisimizi walikuwa wanapita kwa mstari. Wakaipita sukari bila hata kuisalimia, wakapanda kigoda, wakaingia chini ya mashine.

Halafu akamkumbuka mwanawe. Kila mara namba zilipofika sitini na kitu, Schékinah alikuwa anachukua sahani yake ya plastiki na kukaa mbele ya mashine, ametulia, kama mgeni aliyealikwa. Mwavita alikuwa amedhani ni mchezo. Lakini mtoto mdogo anaweza kudanganya kuhusu usingizi, anaweza kudanganya kuhusu kuumwa. Kuhusu chakula hadanganyi.

Alhamisi asubuhi, Pontiani alipokwenda sokoni kuazima flashi nyingine tena, Mwavita akaipindua mashine, akalegeza skrubu zake kwa ncha ya kisu cha kumenyea mihogo.

Yesu wangu!

Ndani kulikuwa kwekundu. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi ya asubuhi, mazito kama pomadi, na feni imekaa katikati haina pa kugeukia, kama samaki kwenye mchuzi uliolala.

Pontiani aliporudi alimkuta mkewe ameketi mbele ya mashine iliyo wazi.

"Baba Schékinah," Mwavita akasema taratibu, "uliipaka mawese?"

Enjenyeri akaitazama flashi yake. Akalitazama ziwa.

"Si feni ilikuwa inalia? Baiskeli ikilia, unaipaka nini? Kila kitu kinachozunguka kinataka mafuta!"

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

Mwavita akaileta chupa ya mawese.

"Vijiko vitatu."

Mwavita akaweka vidole vinne kwenye chupa, pale mawese yaliposhuka.

"Vya kupakulia," Pontiani akasema kwa sauti ndogo. Kisha akajikaza: "Lakini ni mawese ya Minago! Yale safi, mama alituma mwenyewe! Ya sokoni nisingethubutu!"

Kumbe basi! Feni imekwama, mashine inapata joto, mawese yanayeyuka na kuanza kukaangika, na kufika sitini na tatu kwa mia mashine inajizima isije ikaungua. Haikuwa inakataa sisitemu. Ilikuwa inaogopa kuwa kitoweo!

Mwavita hakucheka. Aliuma khanga, lakini hakucheka. Akaleta unyoya wa kuku, akaleta ile alkoli iliyobaki siku za kusafisha kitovu cha Schékinah, akaanza kupangusa, jani moja la feni baada ya jingine, polepole, kama mtu anayesafisha sikio la mtoto aliyelala. Pontiani alishika kibakuli. Siku ile kalamu zake tatu hazikuwa na la kusema.

Wakaiwasha. Feni ikasema vuuuu. Kumi. Thelathini. Hamsini. Sitini. Pontiani akajifunika uso kwa koti. Sitini na mbili. Sitini na tatu...

Mwavita akamkumbatia mtoto.

Sitini na nne!

"Imevuka!" Pontiani akapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Kadidja! Majirani! Nimeivusha!"

"Nani ameivusha?" Kadidja akauliza juu ya uzio.

"Mimi! Na kifaa changu!"

Kifaa chenyewe kilikuwa kinanawa mikono. Kilimwona mume wake akitoa mashati begini, moja, la pili, lile la arusi, na kikaridhika.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Wazazi walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, wengine wametoka mpaka Kigwena. Meza ikawekwa juani, mashine juu ya meza, na nyuma ya mashine Pontiani, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa. Majina yote yalikuwa ndani. Direkteri akasoma, wazazi wakapiga vigelegele, mambo yakaenda kama mtumbwi kwenye maji yaliyolala.

Laiti Enjenyeri angenyamaza! Lakini aliiomba maikrofoni.

"Wazazi! Mashine hii ilikuwa maiti! Enjenyeri wa kawaida angeizika! Mimi niliingia ndani yake kama mpiga mbizi anavyoingia ziwani..."

Jua likawaka. Mwavita alikuwa amesafisha feni, lakini vijiko vitatu vya kupakulia ni bahari. Mengine yalikuwa yamejificha chini ya vibonyezo. Sasa yakaamka. Harufu ikatoka mezani, ikapita safu ya kwanza, ikafika ya mwisho. Wazazi wakaanza kugeuza shingo. Mmoja akatazama saa. Tumbo la mtu likajibu kwa sauti.

Na katikati ya hotuba, Schékinah akaponyoka mikononi mwa mama yake. Akatembea kwa vile vihatua vyake vya bata, sahani mkononi, mbele ya uwanja mzima, akaiweka sahani mbele ya mashine.

"Mam-mam!"

Direkteri akainyanyua mashine aone kuna nini. Tone moja jekundu likaanguka. Ta! Katikati ya sahani.

Uwanja mzima ukanyoosha shingo.

"Enjenyeri, hii ni nini?"

"Ni... ni maji ya sisitemu, Direkteri."

Direkteri akachovya kidole. Akanusa. Akalamba. Akafumba macho kidogo.

"Maji ya sisitemu ya Minago," akasema. "Tena mazuri."

"Yanakosa kitunguu!" Kadidja akapaza sauti kutoka nyuma, na uwanja wote ukaanguka kwa kicheko.

Direkteri alingoja kicheko kiishe, akamgeukia Mwavita.

"Mama Schékinah, niambie ukweli. Hii mashine nani aliiponya?"

Mwavita alimtazama mumewe, jinsi alivyokuwa amesimama na koti lake, masikio yamelegea. Akaliona moyoni lile begi chini ya kitanda. Kudanganya hakuweza, kumwaibisha hakutaka.

"Direkteri, tulisaidiana," akasema. "Yeye aliweka, mimi nikatoa."

Hapo hata Direkteri akashika meza kwa kicheko! Alipopata pumzi akatoa ufunguo mfukoni, akampa Mwavita.

"Chumba cha mashine utakiangalia wewe, mama. Unanusa kabla ya kugusa. Hayo mengine nitakufundisha."

"Murakoze, asante, Direkteri. Na yeye?" Mwavita akauliza, ufunguo umembana kiganjani. "Asije akapanda Bujumbura."

"Apande kufanya nini? Kantini yetu inapikia watoto mia tatu, na mpishi tuliyenaye anaogopa mafuta. Mkono wa huyu nimeuonja. Jumatatu saa moja, aje."

Na kweli Jumatatu alikuja, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, mwiko mrefu kama kasia mkononi. Watoto walipanga mstari na sahani zao, wa kwanza kabisa Schékinah, ambaye hata shule hajaanza.

"Enjenyeri!" wakapiga kelele. "Bado?"

Pontiani akafunua sufuria, akainama, akayatazama maharagwe kwa jicho la kitaalamu, akafunika tena.

"Vumilieni, watoto! Tuko sitini na tatu kwa mia!"