Neno la Dharura la Likizo ya Juni

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya thelathini na sita ya ndoa yangu. Bado nazihesabu. Nashoni ameondoka alfajiri kwenda kwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na hatarudi mpaka Jumamosi. Nimenusa shati lake la kazi. Vumbi tupu. Tamu.

Habari kubwa: Mokami amefika! Binti wa Nashoni, miaka sita. Mama yake alifariki kabla hajajua kutembea, akalelewa Nyarero na Bibi Efrazia, mzaa mama. Bibi amemleta mwenyewe. Nimempa shikamoo kwa magoti yote mawili. Hakupoteza maneno. Mtoto atakaa hapa likizo yote. Shule zikifunguliwa akiwa mzima na amenizoea, atabaki kwetu moja kwa moja. Ikiwa sivyo, anarudi naye Nyarero na asiulizwe tena. Kisha akaelekeza mkono kule kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimbaji. Hilo tu ndilo linalomnyima usingizi, akasema.

Mokami ana macho ya Nashoni. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia mimi ni mama. Akasema taratibu, "Baba."

Maskini, kamkumbuka. Nikamwambia baba anakuja Jumamosi.

Jumanne, 10 Juni

Mokami anajua Kikurya tu, na Kiswahili cha kuhesabu mpaka kumi. Mimi ni Msukuma wa Lamadi. Kikurya changu ni salamu mbili na neno "mura", yaani kijana, ambalo Nashoni amenikataza kuwaitia wengine.

Leo mtoto amesema "baba" mara nne. Aliponipa kikombe. Aliponivuta kanga. Alipochomwa na mwiba. Alipolala. Kila mara nimemjibu: Jumamosi. Ananitazama kama mtu aliyeomba maji akaonyeshwa njia ya kisimani.

Lazima aniite mama kabla ya Julai. Nitapata njia.

Wifi yangu Eunice, dada yake Nashoni, anakaa nyumba ya pili hapa hapa uani. Ana watoto wanne na ushauri mwingi. Anasema mashimo yamejaa maji ya masika, kwa hiyo watoto wasitoke uani likizo yote. Likizo gani hiyo? Nikamweleza kwa upole kwamba nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa kiranja wa afya na usalama.

"Mashimo hayasomi vyeti, wifi," akasema, akaendelea kupepeta mtama wake.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanzisha Kambi ya Likizo Salama. Wanakambi watano: wanne wa Eunice, na Mokami wangu. Vifaa: filimbi moja, na kanga tatu nilizofunga pamoja ziwe kamba ya kushikana njiani. Moja ni ya harusi. Usalama una gharama.

Shida ni kelele. Watoto wa Eunice wanaita ovyo. Kabla ya saa sita nimekimbia mara saba. Mara ya kwanza ni mjusi. Mara ya pili mjusi yule yule. Mara ya saba kandambili imekatika, na wao wamelala chini kwa kicheko.

Basi nimebuni Neno la Dharura. Mwenye shida ya kweli ataita "Mama!" nami nitakuja mbio. Akiita kitu kingine chochote, ni mchezo. Sitainuka.

Mtego mmoja, ndege wawili! Usalama unapatikana, na Mokami anajifunza kuniita. Nimejipongeza kwa chai ya tangawizi.

Mazoezi jioni. Wanne wakaita "Mama!" vizuri kabisa. Zamu ya Mokami. "Baba." Nikamwambia arudie. "Baba." Robi, binti mkubwa wa Eunice, akacheka mpaka akakaa chini. Eunice akasogea na ndoo yake. "Wifi, unajua kikwetu mtoto akisema..." Nikamkatiza. Nikamwambia mwanangu atanizoea bila mkalimani. Akanyanyua ndoo yake akaenda.

Nimeshinda.

Jumamosi, 14 Juni

Nashoni! Vumbi mpaka kwenye kope. Mokami alimkimbilia akiita, "Tata! Tata!"

Kumbe mume wangu ana jina la utani, na siku zote hizi amenificha! Wakati wa kula nikamwita Tata mbele ya watu wote. Eunice akapaliwa na ugali. Nashoni akacheka, akasema najifunza haraka. Nilikuwa nayatazama meno yake, sikuuliza zaidi.

Baadaye akawa mtu mzima. Akaniambia nisiwapitishe watoto kule mashimoni hata kwa njia ya mkato. Akasema alishamzika mke mmoja, na kwa huyu mtoto hataki hata kufikiria. Akanishika mkono. Nikaahidi. Ningeahidi chochote.

Jumatatu, 16 Juni, asubuhi

Nimewaza. Mtoto hawezi kuogopa kitu asichokijua. Shuleni tulipelekwa kuutazama waya wa umeme uliodondoka, na mpaka leo naheshimu nyaya. Kwa hiyo mchana huu: Somo la Vitendo. Tutasimama hatua ishirini kutoka kwenye shimo tulitazame. Nashoni alikataza kupita. Sisi hatupiti, tunasimama.

Eunice kaenda kuteka maji. Vizuri.

Jumanne, 17 Juni

Naandikia kwenye benchi la hospitali, Tarime mjini.

Tulisimama hatua ishirini. Nilihesabu mwenyewe. Nilieleza hatari zote, wakaitikia. Nikawaacha wacheze pale pale kwenye nyasi, wameshika kanga, nami nikakaa kwenye jiwe kumwandikia Nashoni ujumbe. Nilikuwa natafuta neno zuri la kumalizia.

Nikasikia, "Baba! Baba!"

Nilijua ni Mokami. Nilisikia kabisa. Nikafikiri: baba tena, na ndiyo kwanza Jumatatu. Si neno letu. Nikaandika "mpenzi". Akaita tena. Sauti ilikuwa inatoka chini, hilo nalo nilisikia. Nikatuma ujumbe.

Eunice alikuwa anapita barabara ya juu na maji kichwani. Aliitupa ndoo. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akashuka kwa makalio kwenye udongo, akamvuta mtoto kutoka majini kwa gauni.

Kanga yangu ya harusi ilikuwa imefunguka kwenye kamba, inaelea katikati ya shimo. Alikuwa ameifuata.

Amekunywa maji mengi. Mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko. Daktari amesema atapona. Nimemwomba arudie mara tatu.

Jumatano, 18 Juni

Bibi Efrazia amekuja na gari la asubuhi. Nimemwamkia. Ameitikia, na hilo limeniumiza kuliko angenyamaza. Akakaa. Akaniuliza ilikuwaje, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei.

Nikaeleza yote. Kambi, filimbi, Neno la Dharura. Nikasema mtoto hakuita neno lenyewe. Angeita mama, ningefika. Aliita baba.

Bibi akaniomba nirudie hapo mwisho. Nikarudia.

"Kikwetu, baba ni mama," akasema. "Baba yake anamwita tata. Nilimwambia njiani kwamba anakwenda kwa mama yake. Alikuwa anakuita wewe."

Nashoni, aliyefika usiku kutoka mashineni, alikuwa amesimama dirishani. Hakugeuka.

Nimekaa nikahesabu. Kikombe. Kanga. Mwiba. Kitandani. Zoezini mara mbili. Tangu siku ya kwanza, kabla hajavua hata viatu, alikuwa ameshaniita. Nami nikamwambia Jumamosi.

Bibi na Mokami walipokuwa wanaondoka, nilimfuata mtoto mpaka kwenye gari. Nikamwambia, "Mokami, ni mimi, baba." Nadhani nililitamka vizuri. Akatazama plasta yake. Akasema kwa Kiswahili safi, kama alivyofundishwa kuaga wageni:

"Kwaheri, anti."

Bibi akafunga mlango.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya arobaini na tisa ya ndoa yangu. Nashoni anakula, anashukuru, anatoka nje. Jana alikaa mlangoni na gauni la Mokami lililokauka na tope, akilifikicha kwa kidole gumba. Nikamwita mpenzi. Akasema ndiyo. Nampenda mpaka kifua kinauma.

Nimelia siku nne. Leo nimeacha, nimekaa nikafikiri kama msomi. Kosa lilikuwa wapi? Nimelipata. Lilikuwa kwenye neno! Kambi ilikuwa nzuri, ila neno lilikuwa la kabila lingine.

Nimemwandikia Bibi Efrazia barua ndefu. Nimemweleza kwamba likizo ya Desemba kila kitu kitakuwa tayari. Neno la Dharura sasa ni "Baba". Nimelikoza kwa wino mwekundu ukutani. Atakayeita kitu kingine, ni mchezo.

Eunice amewakataza watoto wake kuja kwangu, lakini wanapenya kwa nyuma. Asubuhi nimewapa mazoezi. Wagumu! Wameshazoea lile la zamani.

Hivi ninavyoandika, Robi yuko nyuma ya nyumba analia, nadhani kidole kimebanwa na mlango wa choo. Anaita, "Mama! Mama!"

Nimemwambia kupitia dirisha kwamba neno limebadilika. Akilikumbuka, nitakuja.